Tafsida katika tamthiliya za televisheni za Kiswahili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yananijia kutoka pande tatu: wanafunzi wanaoandika kazi za isimujamii, watazamaji wanaobishana kuhusu kipande cha jana usiku, na waandishi wanaoanza ambao muswada wao umerudi ukiwa na alama nyekundu. Kazi yangu ni kuandika na kuhariri mazungumzo ya tamthiliya, kwa hiyo majibu mengi yametoka mezani na kwenye seti. Pale ambapo jibu limeshatolewa kwingine, nimetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Tafsida ni nini?

Ni kulisema jambo kwa neno la staha pale ambapo neno lake la wazi lingetia aibu, lingeumiza au lingetisha. Msibani husemi "amekufa", unasema "ametutoka". Mgeni aliyebanwa anauliza msalani ni wapi. Anayesikia anaelewa kinachosemwa, na papo hapo anaelewa kwamba msemaji amemstahi.

Hilo la pili ndilo linalosahaulika darasani. Tafsida hufundishwa kama orodha, neno kali kushoto na neno laini kulia. Kwenye tamthiliya orodha hiyo haikufikishi mbali, kwa sababu neno moja linaweza kuwa la kawaida kwa mtu na ufidhuli kwa mwingine. "Mimba" kati ya dada wawili wanaosukana nywele uani ni neno kama maneno mengine. Litamkwe mbele ya baba mkwe, sebule nzima itanyamaza.

2. Ni "tafsida" au "tasfida"?

Yote mawili utayakuta. Vitabu vya Tanzania huandika "tafsida", na vingi vya Kenya huandika "tasfida". Hapa natumia la kwanza kwa mazoea tu.

3. Tafsida inatofautianaje na fumbo, kijembe na lugha ya mtaani?

Angalia msemaji anataka nani aelewe, na anataka ajisikieje. Tafsida inataka kila aliyepo aelewe na asichomwe yeyote. Fumbo linataka mmoja aelewe na wengine liwapite: watoto wako mezani, mama anamwambia baba, "Yule mgeni wetu wa Tanga amerudi." Kijembe kinataka mlengwa aelewe na aumie, huku msemaji akibaki na mlango wa kutokea: "Mimi nimemtaja mtu?"

Kwenye tamthiliya za pwani kijembe kikubwa mara nyingi hakitamkwi kabisa. Kamera inashuka kwa sekunde mbili kwenye jina la kanga, "Mdhaniaye ndiye kumbe siye", na wifi ameshajibiwa bila mdomo kufunguliwa. Ndiyo maana anayeshughulikia mavazi anapaswa kuusoma muswada mzima. Nimewahi kuona sini ya msiba ikiharibika kwa sababu mfiwa alivalishwa kanga ya harusi.

Lugha ya mtaani nayo inaweza kuficha bila kustahi. "Amekanyaga miwaya" linaficha jina la Ukimwi, lakini linamcheka mgonjwa. Tazama swali la 11.

4. Kwa nini wahusika wanazungukazunguka badala ya kusema?

Kwanza, ndivyo watu wanavyozungumza. Pili, ni kwa sababu ya mahali televisheni ilipo. Zanzibar walipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, Tanzania Bara ikasubiri hadi 1994, na kwa miaka mingi seti moja ilitazamwa na nyumba nzima pamoja na majirani. Hata leo, simu zilivyojaa, tamthiliya ya usiku inamkuta baba kwenye kochi, binti chini kwenye mkeka na shemeji aliyepitia kula. Neno linalotoka kwenye skrini ni kama limesemwa na mmoja wa walioketi pale. Mkono unakimbilia rimoti kwa sababu hiyo hasa.

Kwa hiyo mwandishi ana wasikilizaji wawili kwa kila sentensi: mhusika anayeambiwa na sebule inayosikia. Sentensi nzuri inawatosha wote wawili.

## Nani anamwambia nani

5. Nitajuaje mhusika wangu atumie tafsida ipi?

Usianze na neno, anza na watu wawili. Wanaitanaje? Nani anaweza kumtazama mwenzake machoni? Nani mwingine yuko karibu anasikia? Ukishajibu hayo, neno litajileta.

Tulikuwa tunarekodi sini ya binti na mama mkwe wake, jikoni. Muswada ulisema, "Mama, nina mimba." Aliyeigiza mama mkwe, mama mtu mzima mwenye wakwe zake nyumbani, akaweka mwiko chini akasema, "Mkwe wangu hawezi kuniambia hivi." Tukajaribu "mimi ni mjamzito", ikasikika kama fomu ya kliniki. Mwishowe binti akasema, "Mama, siku hizi harufu ya samaki inanishinda." Mama mkwe akamtazama, akaepua chungu, akakitoa nje, akarudi na kigoda. "Kaa hapa." Tukaimaliza kwa teki moja.

Binti huyohuyo, akimpigia simu rafiki yake jioni, atasema "shoga, nimenasa". Kliniki atasema "nina ujauzito wa wiki 10". Kwa mumewe anaweza asiseme neno, akaweka kadi ya kliniki juu ya meza. Mimba ni ileile, na kila mara inatajwa kwa namna ya uhusiano wake na anayeambiwa. Mhusika anayetumia neno moja kwa watu wote hao hajaandikwa bado.

6. Kwa nini bibi anasema waziwazi mambo ambayo mama hawezi kuyataja?

Kwa sababu ya utani. Katika jamii zetu nyingi bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu" na babu humwita mjukuu wa kike "mchumba". Utani huo unawapa ruhusa ambayo mzazi hana. Bibi anaweza kumuuliza mjukuu wake aliyeoa juzi, "Mume wangu, mbona umekonda, unapewa chakula cha usiku kweli?" na watu wakacheka. Baba akiuliza hivyo, ni aibu ya ukoo.

Kuna pia somo au kungwi, ambaye kazi yake ni kuyataja yasiyotajwa, lakini ndani, mlango ukiwa umefungwa. Nje ya mlango ule naye anarudi kwenye staha kama wengine. Na baba mwenye wasiwasi kuhusu binti yake hatamkabili mwenyewe, atamtuma shangazi. Waandishi wengi huikosa nafasi hii. Ujumbe unaopita kwa shangazi ni sini tatu badala ya moja, na katika kila sini maneno yanabadilika.

7. Je, tafsida za Nairobi, Dar es Salaam na Unguja ni zilezile?

Nyingi ni za wote: kuaga dunia, kujifungua, haja ndogo. Tofauti iko kwenye mahali ambapo mtu anakimbilia akibanwa. Mhusika wa Nairobi hukimbilia Kiingereza au Sheng, kwa sababu lugha ya pili haina uzito wa lugha uliyofundishwa aibu nayo. Wa Dar hukimbilia neno jipya la mtaani. Wa Unguja, Mombasa au Lamu hukimbilia dini, na Kiarabu kilichomo ndani ya Kiswahili chake: "ametangulia mbele ya haki", "Mungu amrehemu".

Mzee mwenye pesa za kuhonga wasichana ni "sponsa" Nairobi. Neno hilo likiwekwa kinywani mwa bi mkubwa wa Mkunazini anayezungumza na dada yake, mtazamaji wa Unguja anajua mara moja kwamba mwandishi hajawahi kuketi barazani kwao.

## Mada zinazoulizwa zaidi

8. Kifo kinasemwaje?

Hapa ndipo hazina yetu ni kubwa kuliko kwingine. Kufariki, kuaga dunia, kututoka, kuitwa na Mola, kutangulia mbele ya haki, hatunaye tena. "Kufariki" lenyewe asili yake ni kutengana. "Marehemu" ni aliyerehemiwa, kwa hiyo kila tunapolitamka tunamwombea. "Hayati", ambalo asili yake ni uhai, Tanzania limezoeleka kwa viongozi, na mhusika anayemwita baba yake muuza mkaa "hayati" anasema kitu kuhusu jinsi anavyotaka baba yake akumbukwe. Mwandishi alitumie akijua hivyo. Maiti nayo ni "mwili", na kaburi ni "nyumba yake ya milele".

Lakini tafsida ya kifo iliyo kubwa kuliko zote ni ya simu. Kwetu msiba wa karibu hausemwi kwa simu kwa mtu aliye safarini au kazini. Anaambiwa, "Mgonjwa amezidiwa, njoo nyumbani mara moja." Aliyepigiwa mara nyingi anajua. Hajiulizi kwa sauti, na aliyepiga hamlazimishi kujua kabla hajafika mahali penye watu wa kumshika. Akikaribia nyumbani anaona turubai, viti vya plastiki vya kukodi na wanawake waliojitanda kanga. Hapo hahitaji kuambiwa. Ukiandika sini ambapo mjomba anapiga simu na kusema "mama yako amekufa", umemfanya mjomba kuwa mtu katili, hata kama hukukusudia.

Ombi moja kwa waandishi: mpumzisheni daktari anayetoka mlangoni, anavua barakoa, anatikisa kichwa na kusema wamefanya kila walichoweza. Huyo alitoka kwenye tamthiliya za kigeni. Wa kwetu huuliza kwanza, "Nani ndugu wa mgonjwa?", humwita pembeni mjomba au kaka mkubwa, na kazi ya kutafuta maneno inabaki kwa familia. Sini iko huko.

9. Na mimba, uzazi na mimba iliyotoka?

Mimba imeshaelezwa kwenye swali la 5. "Mjamzito" ni mja mzito, na "kujifungua" ni kama mtu aliyelegeza fundo lake mwenyewe. Maneno yote mawili ni mazuri, ila yamekuwa ya kawaida kiasi kwamba wengi hawayasikii tena kama tafsida.

Mimba ikitoka yenyewe tunasema "imeharibika". Mama akikosa mtoto wakati wa kujifungua, kwao hutangazwa "mama yuko salama", na kila mtu anasikia kile ambacho hakikutajwa. Kutoa mimba ndiko kunakozungukwa zaidi: "kuondoa tatizo", "kuitoa". Tazama swali la 15 kuhusu hiyo "i-".

10. Mambo ya chumbani na michepuko?

"Tendo la ndoa" ndilo linalotumiwa sana, hata kwa watu wasiooana, na hapo linagongana na hadithi yenyewe. Kwa wanandoa "unyumba" lina nguvu zaidi, hasa kwenye ugomvi. "Unaninyima unyumba" ni malalamiko yanayoweza kupelekwa mbele ya wazee, na yana staha yake.

Kwa usaliti, Kenya wana "mpango wa kando", Tanzania tuna "mchepuko" na "nyumba ndogo". "Mchepuko" limetoka barabarani: barabara ikifungwa kwa matengenezo, magari huelekezwa kwenye njia ya pembeni, yenye vumbi. Ndiyo maana mke halali akawa "njia kuu". Picha imekamilika, na mtu mzima anaweza kuitumia mbele ya watoto. Tatizo ni kwamba neno limechangamka mno. Mhusika aliyesalitiwa hasemi "mume wangu ana mchepuko" akiwa analia. Hilo ni neno la watazamaji wa kisa, na mwenye maumivu husema "ana mtu".

Tafsida haiokoi kila kitu. Mwaka 2013 nchini Kenya, tangazo la televisheni lililomshauri mwanamke mwenye uhusiano wa nje atumie kondomu liliondolewa hewani baada ya viongozi wa dini, Wakristo na Waislamu, kulilalamikia. Malalamiko yao yalihusu jambo lenyewe, hata lingevikwa neno laini kiasi gani.

11. Ukimwi unatajwaje sasa?

Historia ya maneno haya ni historia ya hofu yetu. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na watu wa huko wakauita ugonjwa "Juliana", jina la nguo iliyokuwa ikivuma wakati huo katika biashara ya mpakani na Uganda. Baadaye zikaja "umeme", "ngoma", "mdudu", "miwaya". Kila neno lilikuwa njia ya kusema bila kukaribia.

Tamthiliya nayo iliongeza la kwake. Mchezo wa redio *Twende na Wakati*, ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, ulikuwa na dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mwenye wanawake kila kituo, na jina lake likatoka redioni likawa neno la mitaani kwa wanaume wa namna hiyo. Kwangu huo ndio mfano bora wa mchezo kuwapa watu tafsida ambayo hawakuwa nayo.

Leo, dawa zikiwepo, maneno ya zamani yanasikika ya kikatili. Wahusika wa sasa husema "naishi na virusi", "yuko kwenye dawa" au kwa kifupi kabisa "ninao". Ukiandika kisa cha mwaka 1992, tumia "umeme". Ukiandika cha leo na nesi kijana akasema "umeme", umemwandika nesi mbaya.

12. Rushwa?

"Chai", "soda", "kitu kidogo", "asante", "kuzunguka mbuyu". Uzuri wa maneno haya kwa mwandishi ni kwamba yana maana mbili zote za kweli, kwa hiyo mhusika anaweza kurudi nyuma. "Mzee, hata chai hakuna?" Mwananchi akiagiza chupa ya chai, karani hana la kusema.

Tanzania tafsida ya aina hii iliwahi kuingia hadi kwenye sheria. "Takrima", yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, iliruhusiwa katika sheria ya uchaguzi hadi Mahakama Kuu ilipoitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2006. Sini ya kampeni ya mwaka 2005 inaweza kusimama juu ya neno hilo peke yake.

13. Choo na hedhi?

Haja ndogo, haja kubwa, kujisaidia, msalani, maliwato. Kwenye basi la mkoani ni "kuchimba dawa", na kondakta hulitamka kwa sauti bila mtu kuona haya. Kwa hedhi ni "siku zake" au "yuko mwezini", na kwa mara ya kwanza ni "amevunja ungo". Mbele ya baba, binti husema tumbo linamuuma, na baba anayejua mambo haulizi zaidi.

14. Kufukuzwa kazi?

Serikalini, "uteuzi wake umetenguliwa", "atapangiwa kazi nyingine", "amestaafishwa kwa manufaa ya umma". Ofisi binafsi, "amepunguzwa". Nyumbani kwa mkewe, "nimechukua likizo". Hilo la mwisho ndilo lenye hadithi.

## Sarufi na uhai wa maneno

15. Kiswahili kinatumia njia gani kufanya tafsida, mbali na maneno yenyewe?

Swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu sarufi yetu imejaa vichaka vya kujificha.

Kauli ya kutendwa inamfukuza mtenda: "ameitwa", "amechukuliwa". Hakuna haja ya kusema na nani. Kauli ya kutendeka inakwenda mbali zaidi, inafanya jambo lionekane limejifanya lenyewe: "mimba imeharibika", "fedha zimepotea". Sikiliza mhusika mhasibu anavyohama kutoka "nilitumia" hadi "zilitumika" hadi "zikaisha", utajua amefika wapi katika uongo wake. Kiambishi "-ji-" nacho kinamrudisha mtu kwake mwenyewe, na wengine wanaachwa nje: kujifungua, kujisaidia, kujiuza.

Kisha kuna viambishi vya ngeli, ambavyo hubeba kitu bila kukitaja. "Uliitoa?" "Niliitoa." Mimba haijatamkwa, lakini "i-" inajulikana ni ya nini. "Daktari, ninao?" "Unao." Ugonjwa umebaki "o" moja tu mwishoni mwa neno, na mwigizaji mzuri anaweza kukaa juu ya hiyo "o" muda mrefu. Ngeli ya mahali inafanya vivyo hivyo kwa mwili: "huko chini kunauma". Mgonjwa hajataja kiungo, ametaja mtaa.

Na mwisho kuna "nanii". "Aka... aka... akaninanii." Wageni wanaojifunza Kiswahili huliona kama neno la kusahau jina la kitu. Kwenye mazungumzo ya kweli ni neno la mtu anayekumbuka vizuri sana.

16. Kwa nini tafsida huchakaa?

Kwa sababu jambo lenyewe halibadiliki, na uchungu wake hurudi kwenye neno jipya. "Mimba" lenyewe halikuwa na ubaya, ila kwa masikio mengi sasa ni zito na "ujauzito" limechukua nafasi.

Mfano ulio wazi zaidi uko kwenye ngeli. Kipofu, kiziwi, kilema, kiwete: umbo la "ki-", lile tunalotumia pia kwa kitu au kwa kumdogosha mtu. "Mlemavu" lilipokuja lilimhamisha mtu kutoka "ki-" hadi "m-", kwa watu wenzake. Sasa hata hilo linaachwa, tunasema "mtu mwenye ulemavu", ili mtu atangulie. "Zeruzeru" nalo limetoka, na "mtu mwenye ualbino" ndilo linalokubalika. Mhusika wa umri wa miaka 70 anayesema "kilema" huenda hana nia mbaya. Mhusika wa miaka 25, mwenye digrii, anayelisema hivyo mwaka huu, amechagua.

## Kazini

17. Sheria inanilazimisha kutumia tafsida?

Kwa neno moja moja, hapana. Kanuni za utangazaji zinazungumzia lugha chafu, ngono, ukatili na ulinzi wa watoto, haziagizi useme "kufariki" badala ya "kufa". Kenya, kanuni za vipindi zinazuia maudhui ya watu wazima kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku, na bodi ya kupanga filamu ina madaraja yake: GE (kwa wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18. Tanzania, filamu na michezo ya kuigiza iko chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 1976 na Bodi ya Filamu, na maudhui ya utangazaji yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Kwa uzoefu wangu sebule ni kali kuliko bodi. Tazama swali la 4.

18. Tafsida inaweza kuvuka kwenye tafsiri na kuingiza sauti?

Kwenye maandishi ya chini ya skrini hupotea sana. "Ametangulia mbele ya haki" huishia kuwa kitenzi kimoja cha Kiingereza, na mtazamaji wa nje haoni kwamba msemaji ametoa dua.

Kuingiza sauti ni kugumu zaidi kwa sababu ya midomo. Mwaka 2011 TBC, shirika la utangazaji la taifa la Tanzania, ilirusha tamthiliya ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake, ikiwa na sauti za Kiswahili, na ilipendwa hadi Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Mambo ya mkwe yalieleweka hapa bila maelezo. Lakini kila anayefanya kazi hiyo anakutana na hesabu ya silabi. "Ametangulia mbele ya haki" ina silabi 11, na mdomo kwenye picha umefunguka mara nne. "Amekufa" ni nne, ila ni kali. Jibu langu huwa "Hatunaye". Nne, na staha ipo.

## Pale ambapo mambo ni magumu

19. Kuna wakati tafsida ni kosa?

Ndiyo, na hapa sina subira. Ubakaji. Kwenye miswada bado nakuta "alimharibu", "alimfanyia kitendo kibaya", "alimchezea". "Kumharibu" linamhesabu msichana kuwa kitu kilichopoteza thamani. "Kumchezea" linaufanya uhalifu kuwa mchezo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Kujamiiana tangu 1998 na Kenya ina Sheria ya Makosa ya Ngono tangu 2006. Maneno ya kubaka, kulawiti na kunajisi yapo, na polisi na mahakama wanayatumia.

Sisemi kila mhusika ayatamke. Mama mwenye aibu anaweza kusema "kitendo kile", jirani atasema "yaliyompata". Hayo ni ya kweli. Ninachodai ni kwamba mahali fulani ndani ya kisa, mtu mmoja aseme "alinibaka" kwa neno lake, na tamthiliya isikate sauti wala kuweka muziki juu yake. Kuna binti ameketi kwenye mkeka sebuleni ambaye hajui kwamba kilichompata kina jina.

20. Kwa nini wahusika wabaya huongea kwa adabu sana?

Kwa sababu wao wanatumia tafsida kwa kazi nyingine: mkono ufanye, mdomo ubaki safi. "Mshughulikieni." "Mnyamazisheni." "Mtafutieni usafiri." Kijana anayepokea amri analazimika kuitafsiri mwenyewe, na kwa kuitafsiri anakuwa mshirika. Bosi anayefoka "muueni!" ni wa kuogopwa kidogo tu. Anayesema "nadhani amechoka, apumzike" huku akikoroga sukari ndiye anayemfanya mtazamaji aache kutafuna.

21. Mtoto aambiwe vipi?

Watu wazima hupenda "amesafiri". Wanamstahi mtoto, na kwa siku moja au mbili inafaa. Lakini mtoto hajui kwamba ni tafsida. Tafsida inahitaji pande zote mbili zijue (swali la 1), na yeye anasikia habari tu: baba amesafiri, basi atarudi.

Tuliwahi kuandika mtoto wa miaka sita aliyeambiwa hivyo. Kwa vipande vitatu nyumba nzima ilisema "ametutoka", "ametangulia", "hatunaye", na kila jioni mtoto alikuwa akiweka ndala za baba mlangoni, zikitazama ndani. Hakuna aliyeziondoa. Kwenye kipande cha nne mama alitoka, akaketi kizingitini karibu na zile ndala, akasema, "Baba amekufa, mwanangu." Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kusikika tangu msiba uanze. Mtoto akauliza, "Na hizi?" Mama akazichukua, akazipangusa vumbi kwa pindo la kanga, akamkabidhi.